Ufa wa Saruji: Tuuzibe, au Tuvunje na Kumwaga Upya?



Mvua za Maniema ndizo mkaguzi mkali wa kazi za mafundi. Katika miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, kila kibaraza cha Kindu huonekana imara. Kisha mvua hurudi. Maji huporomoka kutoka mabatini na kuchimba udongo ukingoni mwa nyumba. Siku moja mama mwenye nyumba, akiwa anafagia, aona mstari mwembamba uliokatiza sakafu. Mwaka wa pili mstari huo wapokea ncha ya kisu. Mwaka wa tatu ngazi ya mlangoni imeinama upande mmoja, na bibi mzee ajikwaa akitoka alfajiri.

Hapo huzuka swali ambalo limekwisha kuleta ubishi katika nyumba nyingi: je, tuzibe mahali palipopasuka, au tuvunje yote na kumwaga upya? Wengi hulijibu kwa kutazama fedha tu. Mwenye nazo huvunja. Asiye nazo hupaka lipu juu ya ufa na kujifariji. Njia zote mbili zaweza kuleta hasara. Wa kwanza aweza kuvunja zege zima ambalo lingalidumu miaka ishirini mingine. Wa pili aweza kufunika ugonjwa unaoendelea kula chini kwa chini.

Hapa Kindu hasara hiyo si ndogo. Mji umekaa ukingoni mwa mto Lualaba, mwisho wa reli itokayo kusini kwa njia ya Kongolo na Kibombo. Saruji haitengenezwi mjini. Hutoka mbali, kama vile Kabimba kando ya Ziwa Tanganyika, nayo husafiri kwa gari moshi au kwa malori yanayokwama siku nyingi katika matope. Kila hatua ya safari huongeza bei ya mfuko. Baba anayetumia mifuko sita mahali ambapo mitatu ingalitosha ametupa karo ya mtoto mmoja wa sekondari. Na yule anayetumia nusu mfuko kuficha ubovu, naye aweza kulipa mifuko ishirini baadaye. Kwa hiyo yafaa tujifunze kuamua kwa akili.

METHALI NA MAANA YAKE

Wahenga walituachia neno: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mtoto wa shule alijua neno hilo. Lakini tutazame vizuri. Wahenga walisema kuziba. Hawakusema kupaka rangi. Tena mwenye kuziba ufa bila kuuliza umetoka wapi, atauziba tena mwaka ujao, na mwaka wa tatu, mpaka ukuta wenyewe uanguke na viraka vyake vyote.

Mganga mwema hatibu joto la mwili peke yake. Auliza joto hilo laletwa na nini: malaria, kidonda, au tumbo? Zege nalo ni hivyo hivyo. Ufa ni joto la mwili; ugonjwa wenyewe huenda uko chini ya sakafu, au juu kwenye paa, au katika mizizi ya mwembe uliopandwa na babu.

KWA NINI ZEGE HUPASUKA

Zege, ambalo wengi wetu huliita betoni, ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji ya namna tunayoitumia leo ilipewa hati yake mwaka 1824 na mwashi Mwingereza, Joseph Aspdin. Watu wengi hudhani kwamba saruji hukauka kama tope linavyokauka juani. Sivyo. Saruji hushikana na maji na kugeuka jiwe, na kazi hiyo huendelea siku nyingi. Ndiyo maana zege linalokaushwa upesi na jua huwa dhaifu, na uso wake huchanika vistari vidogo kama tope la bwawa lililokauka. Nyufa za namna hiyo huonekana katika siku za kwanza, nazo kwa kawaida hazina hatari.

Sababu ya pili ni ardhi. Zege ni hodari sana kubeba mzigo unaoligandamiza, lakini ni dhaifu likikunjwa au kuvutwa. Sakafu iliyolala juu ya udongo ulioshindiliwa vizuri hubeba watu na magunia bila taabu. Maji yakichukua udongo huo, sakafu hubaki kama ubao uliowekwa juu ya shimo. Mtu mmoja akipita na gunia la mchele, yavunjika.

Sababu ya tatu ni mizizi. Mwembe au mparachichi ulio karibu na nyumba hunenepesha mizizi mwaka hata mwaka, nayo huinua zege polepole, kwa nguvu isiyozuilika.

Sababu ya nne ni kutu. Mtunza bustani mmoja wa Ufaransa, Joseph Monier, alipata hati mwaka 1867 kwa ajili ya vyombo vya kupandia miti, vya saruji yenye vyuma ndani. Tangu hapo dunia nzima imejifunza kutia nondo katika zege, ili chuma kisaidie mahali ambapo jiwe ni dhaifu. Lakini chuma kina adui wake. Zege jipya hukilinda kisipate kutu. Likiwa na nyufa, au likiwa jembamba juu ya chuma, hewa na maji hupenya, na kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hata mara 6. Kwa hiyo huvimba ndani ya zege na kulipasua kutoka ndani. Mjini Roma lipo hekalu la kale liitwalo Pantheon, lenye kuba la zege la upana wa mita 43 hivi, nalo limesimama karibu miaka 1900. Kuba lile halina nondo hata moja. Hivyo kutu haina pa kuanzia.

VIPIMO VITANO VISIVYO NA GHARAMA

Kabla ya kumwita fundi, mwenye nyumba aweza kufanya vipimo vitano. Havihitaji fedha, vyahitaji subira tu.

Kwanza, tazama wakati wa mvua. Simama barazani mvua inaponyesha, uangalie maji yaanguka wapi, yapita wapi, na yatuama wapi. Nusu saa ya kutazama yafundisha mambo mengi kuliko siku nzima ya kubishana katika kiangazi.

Pili, gonga na kusikiliza. Chukua nyundo ndogo au jiwe la mviringo, ugonge sakafu hatua kwa hatua. Zege zima lililolala juu ya udongo hutoa sauti kali na fupi. Mahali palipo tupu chini, au ambapo tabaka la juu limeachana na la chini, hutoa sauti nzito kama ya ngoma. Piga mstari wa mkaa kuzunguka kila mahali penye sauti ya ngoma. Ukimaliza utaona ramani ya ugonjwa.

Tatu, pima ufa. Ufa usioweza kuingiza ukucha si wa kukukosesha usingizi. Ufa mpana wa milimita kadhaa wahitaji kazi. Lakini upana si jambo kubwa kuliko yote. Pitisha kiganja juu ya ufa: je, pande zote mbili zi sawa? Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, ardhi imezama au mzizi umeinua. Ufa kama huo, hata ukiwa mwembamba, una habari nzito.

Nne, ujue kama ufa watembea. Paka kiraka chembamba cha saruji kukatiza ufa, ukubwa wa kiganja, na kabla hakijaganda andika juu yake tarehe kwa msumari. Uache mwezi mmoja au miwili ya mvua. Kiraka kikibaki kizima, ufa umelala. Kikipasuka, ufa ungali hai, na chochote utakachomimina ndani yake kitapasuka vile vile.

Tano, tafuta kutu. Tazama michirizi ya rangi ya hudhurungi, vipande vya zege vinavyobanduka, au ncha za nondo zinazochungulia. Pale palipo na nondo, kutu hubadili hukumu yote.

KUACHA, KUZIBA AU KUVUNJA

Sasa twaweza kuhukumu. Kwa kweli njia si mbili, ziko nne.

Njia ya kwanza ni kuacha. Nyufa nyembamba kama nywele, zisizotembea, zisizo na kutu, juu ya sakafu isiyo na sauti ya ngoma, ziache. Wapo watu waliochimba na kuharibu sakafu nzima kwa sababu ya mistari isiyodhuru mtu.

Njia ya pili ni kuziba. Hiyo yafaa pale ambapo zege ni zima kwa sehemu kubwa, ufa umelala, na ubovu uko juu tu: ukingo wa ngazi uliomegeka, shimo dogo, ufa wa milimita chache.

Njia ya tatu ni kukata na kubadilisha kipande. Pembe moja imezama, lakini sakafu iliyobaki yatoa sauti nzuri. Kata mstari ulionyoka mpaka kwenye zege zima, toa kipande kibovu, tengeneza udongo wa chini, umwage kipande kipya. Watu wengi husahau njia hii, na kumbe mara nyingi ndiyo yenye faida kuliko zote.

Njia ya nne ni kuvunja yote. Yafaa pale ambapo sauti ya ngoma imeenea zaidi ya nusu ya sakafu. Au sakafu imevunjika vipande vipande visivyo sawa. Au zege lenyewe lilichanganywa vibaya hata likasagika kwa msumari. Au sakafu yote imeinama kuelekea ukutani na kupeleka maji msingini. Jambo hili la mwisho ni zito, maana sakafu ya namna hiyo, hata ikiwa haina ufa, inaila nyumba. Heshima ya zege la nje ni kuondoa maji ukutani. Likiyaleta, limekuwa adui.

Katika njia hizi zote sheria ni moja: kwanza ondoa sababu, ndipo utengeneze matokeo. Maji yaliyochimba shimo mwaka huu yatalichimba tena mwakani, yasipopewa njia nyingine.

MFANO WA MAMA MMOJA

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja wa Kindu, ambaye mume wake afanya kazi Kalima, ana kibaraza cha urefu wa mita 6 na upana wa mita 1 na nusu. Kimepasuka mahali patatu, na pembe ya kushoto imezama. Ameweka akiba inayotosha mifuko saba ya saruji, lakini fedha hiyo hiyo inangojwa na karo ya kijana wake anayejitayarisha kwa mtihani wa taifa. Amwita fundi.

«Mama», asema fundi, «kibaraza hiki kimezeeka. Tuvunje yote.»

«Baba fundi, kitakula mifuko mingapi?»

«Sita, Mama. Na mchanga, na kokoto, na siku zangu nne.»

Hesabu ya fundi ni ya kweli. Mita 6 mara mita 1 na nusu ni mita 9 za eneo. Kwa unene wa sentimita 10, hiyo ni karibu mita moja ya ujazo pungufu kidogo. Mita moja ya ujazo ya zege la kipimo cha 1 kwa 2 kwa 4 hula mifuko sita na zaidi kidogo, ya kilo 50. Fundi hakumdanganya.

«Vema, Baba. Lakini kabla hatujavunja, nisaidie kujua neno moja. Kwa nini imezama pembe hii peke yake?»

Basi wanatazama pamoja. Juu ya pembe ile mabati mawili yamepinda, na maji ya nusu ya paa huanguka pale pale. Wanagonga sakafu. Pembe yatoa sauti ya ngoma, eneo la mita 1 na nusu kila upande. Kwingine kote ni kuzima. Nyufa nyingine mbili ni nyembamba, na pande zake zi sawa.

Sasa hesabu yageuka. Kukata pembe na kuimwaga upya ni mfuko mmoja na nusu. Mfereji wa zege jembamba, wa kupokea maji ya paa kwa urefu wa kibaraza na kuyapeleka mbali na nyumba, ni mfuko mmoja na kidogo. Nyufa mbili zatosheka na masalio. Jumla ni mifuko mitatu. Mama amebaki na bei ya mifuko minne, na karo italipwa.

Tutazame tena jambo moja. Kama mama angalikubali kuvunja yote, angalipata kibaraza kipya chenye kung'aa, lakini mfereji usingalikuwapo. Maji yangalianguka pale pale, na baada ya mvua za miaka miwili au mitatu pembe ile ile ingalizama. Mifuko sita ingalinunua hasara mpya. Wala fundi si mtu mbaya. Aliulizwa bei ya kuvunja, akajibu. Mwenye nyumba ndiye apaswaye kuuliza swali la sababu.

KUZIBA KUNAKODUMU

Viraka vingi hubanduka kwa sababu vimepakwa juu ya vumbi na zege bovu. Fanya hivi. Chonga kwa patasi mpaka ufike kwenye zege zima lenye sauti kali. Kingo za shimo zisimame wima, wala zisiwe nyembamba kama ukingo wa sahani, maana kiraka chembamba humegeka. Kina kisipungue sentimita 3. Fagia, kisha osha kwa maji mpaka vumbi liishe. Acha zege la zamani likiwa limelowa lakini pasiwe na dimbwi, kwani zege kavu hunyonya maji ya kiraka na kukifanya dhaifu. Sugua kwa brashi uji mzito wa saruji na maji, na kabla haujakauka shindilia mchanganyiko wa saruji sehemu 1 na mchanga safi sehemu 3. Kisha funika kwa magunia yaliyolowa au majani ya migomba, ukinyunyizia maji kwa siku 7.

Ufa ulio hai usiuzibe kwa saruji ngumu. Ondoa kwanza sababu yake. Kama hauna budi kutembea, kwa mfano pale kibaraza kipya kinapokutana na ukuta wa zamani, acha uwe kiungo, ukijaze lami au kitu kingine laini kinachonyooka.

Mahali penye kutu, usifunike. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Toboa mpaka nyuma ya nondo, sugua kutu kwa brashi ya chuma hata chuma king'ae, ndipo uzibe. Nondo iliyoliwa sana na kukonda yapasa kuongezewa nyingine kando yake.

KUMWAGA UPYA

Ikiwa hukumu ni kuvunja, usitupe vipande. Vikivunjwa vidogo, ni msingi mzuri wa kushindilia chini ya sakafu mpya. Ondoa udongo laini na mizizi, jaza, mwagia maji kidogo, shindilia kwa tabaka za sentimita 10 mpaka kisigino kisiache alama.

Saruji yenyewe ichunguzwe. Mfuko uliosafiri majuma mengi katika unyevu huenda umekwisha anza kuganda. Tia mkono ndani: ikiwa ni laini na baridi kama unga, ni njema, ikiwa na mabonge yasiyovunjika kwa vidole, usiitumie kwa kazi ya kubeba mzigo. Nyumbani iweke juu ya mbao, mbali na ukuta, na uitumie kabla haijatimiza miezi mitatu.

Mchanga wa mto ni mzuri ukiwa safi. Tia mchanga katika chupa, ongeza maji, tikisa, uache saa chache. Tope litatulia juu ya mchanga. Tabaka la tope likizidi sehemu 1 katika 12 ya kimo cha mchanga, uoshe kwanza.

Kwa mfuko mmoja wa saruji pima ndoo 3 na nusu za mchanga na ndoo 7 za kokoto, kwa ndoo ya lita 20. Maji yasizidi lita 25 hivi, na yapungue ikiwa mchanga umelowa. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Vijana huongeza maji ili zege litiririke na kazi iwe nyepesi. Lakini kila ndoo ya maji iliyozidi yaiba nguvu ya saruji iliyonunuliwa kwa jasho. Zege zuri ni zito, husukumwa kwa koleo, wala halimiminiki kama uji.

Unene uwe sentimita 10 kwa watu wanaotembea, na 15 mahali pa gari. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Kila baada ya mita 2 na nusu, kata kiungo chenye kina cha robo ya unene, ili zege likitaka kupasuka, lipasuke pale ulipochagua wewe. Weka maji siku 7. Watu waweza kupita baada ya siku mbili kwa uangalifu. Mizigo mizito ingojee siku 28.

Na neno la afya: saruji mbichi huunguza ngozi. Watoto wasiikanyage kwa miguu mitupu, na aliyerushiwa machoni aoshwe mara moja kwa maji mengi safi, kisha apelekwe kwenye zahanati.

MAHALI PASIPO PA KUJARIBU

Yote tuliyoyasema yahusu vibaraza, njia, ngazi za chini, mifereji na nyua. Nguzo, boriti, dari ya zege, tangi la maji lililoinuliwa, na ukuta unaozuia kilima cha udongo ni habari nyingine. Ubovu wake haujikwazi mguu tu, waua watu. Ukiona ufa wa mshazari katika nguzo, au zege likibanduka chini ya boriti na nondo kuonekana, ondoa watu chini yake na umtafute mhandisi, hata ukipaswa kukopa.

Wala tusiseme kwamba majengo makubwa yana wenyewe wa kuyatazama. Kule Zanzibar lilijengwa mwaka 1883, kwa amri ya Sultani Barghash, jumba liitwalo Beit al-Ajaib, fahari ya mji wote. Dalili za ubovu zilionekana miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya matengenezo ikiwa imeanza, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka, na watu wawili wakafa. Matengenezo nayo yana saa yake. Yakichelewa, mlango hufungwa.

KAZI YA JUMA HILI

Ndugu msomaji, huna haja ya kungoja fedha ili uanze. Juma hili chukua nyundo na kipande cha mkaa, uzunguke nyumba yako pamoja na watoto. Nao vijana wa shule waandike katika daftari: ufa uko wapi, una upana gani, pande zake zi sawa au sivyo, sauti ni kali au ya ngoma. Wabandike viraka vyenye tarehe. Mvua ikinyesha, watazame njia ya maji, na wewe uchimbe mfereji wa udongo siku hiyo hiyo, maana jembe halinunuliwi kwa bei ya saruji.

Kiangazi kitakapofika utakuwa na habari za miezi kadhaa mkononi. Fundi akija, hutamwuliza tena, «Tuvunje au tuzibe?» Utamwonyesha daftari, na mtahesabu mifuko pamoja.